Gari Lingurume, Nyumba Isinune

Jamani, nani alisema gari ni mambo ya wanaume peke yao? Mimi naishi Ipuli, Tabora, na Hilux yetu ya dizeli nilikuwa naijua kwa mlio kabla haijakata kona. Ndiyo maana siku mume wangu alipoingia na gari linalopiga kelele kama lori bovu, nilitoka nje nikidhani ni mgeni.

Kumbe mwenzangu alikuwa gereji. Fundi kakata sailensa yote, kachomelea bomba tupu. Mtoto akaamka analia, majirani wakachungulia, yeye anachekelea: "Mama watoto, umesikia linavyonguruma?"

Nilisikia. Nikasikia pia kwamba hela imetoka kwenye kibubu chetu cha ada, na mimi sikuulizwa.

Nimtetee kidogo. Mbwembwe za kufika Tabora hazikuanza leo. Karne ya 19, misafara kutoka pwani ilipokaribia huku Unyanyembe ilipiga bunduki hewani, kirangozi akiwa mbele, ili watu wajue wageni wamefika. Stanley naye aliingia hivyo hivyo mwaka 1871. Mwanaume kutaka asikike akirudi kwake si dhambi. Ila mlio ule ulikuwa wa kufika, wakati ekzosi iliyokatwa inawapigia kelele safari nzima.

Kelele siyo mngurumo

Moshi hutoka kwenye injini kwa mapigo, na kazi ya sailensa ni kuyalainisha. Ukiitoa, mlio wote unatoka ovyo, mkali na mkavu. Tena kwa dizeli ya zamani isiyo na tabo, usitegemee nguvu ya maana kuongezeka. Unabaki na kelele tu.

Unataka mlio mzito? Mwambie fundi afunge sailensa ya kupitiliza: ndani yake mna bomba lenye matundu, limezungushiwa pamba ya kioo. Pamba inameza ule ukali, besi inabaki. Halafu kagua maungio yote. Ukiona masizi, ujue panavuja. Raba za kuning'inizia nazo zikichoka, bomba litagonga chasi kila kwenye shimo.

Hapa ndipo nilipokuja juu

Bomba letu jipya lilikuwa limeishia chini ya kebini, karibu kabisa na mlango. Na humo ndimo mtoto anamopanda asubuhi kwenda shule, madirisha wazi. Mwaka 2012, kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kilithibitisha kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani kwa binadamu. Kelele ningeweza kuvumilia, lakini siyo hilo. Bomba lazima lipite mpaka nyuma ya tairi la nyuma. Isitoshe, tangu 2015 Tanzania ina kanuni za mazingira za kudhibiti kelele na mitetemo, kwa hiyo jirani akikulalamikia ana pa kushika.

Tukarudi wote

Sikumnunia wiki nzima, ingawa nilitaka. Jumamosi tulienda gereji wawili. Ikafungwa sailensa ya kupitiliza, bomba likarefushwa mpaka nyuma, na hela safari hii tulikubaliana kabla ya kutoka nyumbani. Kisha tukaingia barabarani, vioo juu, mwendo wa kawaida. Kipimo chetu kilikuwa rahisi: kama mnalazimika kupayuka ili msikilizane, mrudisheni fundi chini ya gari.

Hatukupayuka. Tuliongea mpaka yale ya kibubu, na akaniomba radhi.

Basi wapenzi, mkitaka gari lingurume, anzeni kwa kukaa chini wawili. Siku hizi nikisikia ule mlio mzito unakata kona, mtoto hashtuki. Mimi nanyanyuka kumwekea maji ya kuoga. Kazi kwenu!