Rekodi ya Nyumbani kama Rasimu: Maoni ya Wenzi katika Utunzi wa Nyimbo miongoni mwa Watunzi wa Ridhaa Jijini Arusha

1.0 Utangulizi

Tafiti nyingi za nyimbo za kizazi kipya nchini Tanzania huanzia pale ambapo wimbo umekwisha kutoka. Mtafiti huuchukua wimbo uliorekodiwa studio, huunukuu, kisha huuchambua fani na maudhui yake kana kwamba ulizaliwa ukiwa hivyo ulivyo. Makala hii inarudi hatua moja nyuma. Inafafanua kinachotokea wakati mtunzi wa ridhaa, yaani yule asiyeishi kwa muziki, anapojirekodi chumbani mwake kwa simu au kompyuta, akawasikilizisha wenzake, nao wakamrudishia maoni. Hoja inayotetewa ni kwamba maoni hayo si mapokezi ya wimbo bali ni sehemu ya utunzi wenyewe. Tena yana msingi wa kiisimu ulio thabiti, ijapokuwa wanaoyatoa aghalabu hawautaji kwa istilahi.

Uwanja unaohusika ni jiji la Arusha na vitongoji vinavyopanda kuelekea Mlima Meru, na utanzu unaopewa uzito ni michano ya hip hop. Kwaya zitaguswa kwa ajili ya ulinganisho tu. Mistari inayotolewa kama mfano imebuniwa na mwandishi kwa madhumuni ya ufafanuzi.

2.0 Kutoka kinywani hadi kwenye faili

Katika miaka ya 1990, wakati michano ya Kiswahili ilipokuwa ikijitenga na uigaji wa rap ya Marekani, kurekodi studio kulikuwa gharama ambayo kijana wa Unga Limited au Kijenge hakuimudu mara kwa mara. Kwa sababu hiyo wimbo ulikamilishwa kinywani kwanza. Ulighanwa kijiweni juu ya mdundo wa kaseti ya nje au makofi ya wenzi, ukakosolewa hapohapo, ukaghanwa tena, na ulipofika studio ulikuwa umekwisha kukaa kichwani. Perullo (2011), katika kitabu chake kuhusu uchumi wa muziki wa Tanzania, anaonyesha jinsi studio na redio binafsi zilivyoibadili sekta hiyo baada ya ulegezaji wa masharti ya utangazaji katika muongo huo. Kitabu hicho kimejikita Dar es Salaam. Arusha ilikuwa mbali na studio kubwa, na umbali huo uliurefusha muda ambao wimbo ulikaa mikononi mwa wenzi kabla ya kugandishwa.

Zao linalofahamika zaidi la mazingira hayo ni kundi la X Plastaz, ambalo albamu yake, Maasai Hip Hop, ilitolewa mwaka 2004 na kampuni ya Out Here Records ya Munich, Ujerumani. Katika nyimbo zake michano ya Kiswahili inakaa ubavuni mwa uimbaji wa Kimaasai wa Merege. Mchanganyiko wa namna hiyo haupatikani kwa mtu mmoja kuandika peke yake kisha kuwagawia wenzake karatasi. Anayechana hana budi kusikiliza pumzi ya mwimbaji wa Kimaasai ili ajue pa kunyamaza, na mwimbaji naye hana budi kuujua urefu wa mstari wa Kiswahili. Baadaye walisikika Watengwa wa Kijenge, Nako 2 Nako na kundi la Weusi, ambao majina yao yanatosha kuonyesha kwamba Arusha imezoea kutunga kwa makundi. Upande wa mashariki, huko Imbaseni karibu na Usa River, kituo cha jamii kilichoanzishwa mwaka 1991 na Pete na Charlotte O'Neal, wanaharakati wa Marekani waliohamia Tanzania, kiliwapatia vijana studio na mahali pa kukutania.

Kompyuta za nyumbani na programu za kutengenezea midundo, kisha simu za mkononi, ziliubadili mfuatano huo. Jambo lililobadilika halikuwa bei peke yake. Zamani maoni yalitangulia rekodi, na leo rekodi hutangulia maoni. Mtunzi hugeuza godoro kuwa ukuta wa kuzuia mwangwi, hungoja mvua ipungue juu ya bati (jambo ambalo katika miezi ya masika kwenye miteremko ya Meru linahitaji subira), hurekodi ubeti mmoja na kiitikio, kisha hutuma faili kwa watu wanne au watano anaowaamini. Msikilizaji husikiliza mara tatu akiwa peke yake kabla ya kusema neno. Kijiweni hakuwa na nafasi hiyo. Mstari ulipita, na anayeukosoa alilazimika kuukumbuka.

Chombo cha kusikilizia nacho huchagua kinachosikika. Spika ndogo ya simu haitoi besi ipasavyo, na programu za kutuma ujumbe huibana sauti ili faili iwe nyepesi. Kinachomfikia msikilizaji kikiwa kizima zaidi ni sauti ya mtu: konsonanti, pumzi, maneno. Kwa mtazamo wa mwandishi, hii ni sababu mojawapo inayofanya maoni juu ya rekodi za nyumbani yaelemee kwenye lugha kuliko kwenye mdundo. Prodyuza aliyekaa mbele ya spika kubwa angeanza na ngoma. Rafiki mwenye simu huanza na neno.

3.0 Msingi wa kiisimu wa maoni

Maoni hayo kwa kawaida ni mafupi: kwamba hapa neno halijakaa, pale kina kimekufa, mstari wa tatu umevutwa. Mchambuzi asiyezoea anaweza kuyaona kuwa ni ladha ya mtu binafsi. Yakichunguzwa, mengi kati yake yanahusu mambo mawili, yaani mkazo na vina.

Mkazo wa neno katika Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Ushairi wa arudhi, kama ulivyofafanuliwa na Kaluta Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), huhesabu mizani na kulinganisha vina. Haudai kwamba mkazo wa neno ukutane na pigo lolote. Ndiyo maana shairi linapoimbwa, mahadhi huweza kuivuta silabi isiyo na mkazo bila msikilizaji kulalamika. Michano ni kinyume. Idadi ya silabi katika mstari hupanda na kushuka kwa uhuru, ilhali mapigo manne ya mdundo hayasogei, na mkazo wa maneno makuu unatarajiwa kukutana nayo. Kwa maneno mengine, mchanaji amelegeza mizani akakaza mkazo. Wanaodai kwamba michano haina kanuni kwa kuwa haina mizani wanatafuta kanuni mahali ambapo haipo.

Tuchukue mstari huu:

Nimeshuka Kijenge kwa mguu, barabara imejaa tope.

Neno barabara lina maana mbili zinazotenganishwa na mkazo. Mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, neno linataja njia kuu. Mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho, ni kielezi chenye maana ya sawasawa au kikamilifu. Mchanaji akichelewa nusu ya pigo, ngoma itaangukia silabi isiyokusudiwa, na msikilizaji atasikia kwamba ni Kijenge yenyewe iliyojaa tope kikamilifu. Sentensi bado inaleta maana, na kiambishi i- hakimsaidii kung'amua, kwa kuwa kinaweza kurejelea njia au mahali. Mtunzi hawezi kulisikia kosa hilo kwa urahisi kwa sababu anajua alichokusudia. Kila anapoirudia rekodi yake anasikia nia yake. Anayelisikia ni mwenzi ambaye hakuwa chumbani. Hapo ndipo penye uzito wa kiutunzi wa maoni: yanagundua jambo ambalo mwandishi wa mstari hana uwezo wa kuligundua peke yake, hata awe stadi namna gani.

Tatizo la aina hiyo si geni katika eneo hili. Nyenzo ambazo makanisa yaliwapa waumini kwa miongo mingi zilikuwa tenzi zilizotafsiriwa na kufungwa kwenye tuni za Ulaya, ambamo mkazo wa Kiswahili mara nyingi huburutwa hadi silabi ya mwisho. Katika miaka ya 1960, Howard Olson, aliyefundisha katika Chuo cha Theolojia cha Kilutheri Makumira, nje kidogo ya Arusha, alikusanya nyimbo zenye tuni za Kiafrika zilizochapishwa katika kitabu Tumshangilieni Mungu. Wachanaji wa leo hawakurithi kitu moja kwa moja kutoka kwa kazi hiyo, lakini swali lililokuwa Makumira ndilo lililoko Kijenge: neno la Kiswahili likae vipi juu ya mdundo bila kupoteza sura yake.

Kuhusu vina, Kiswahili kina neema inayogeuka mtego. Vitenzi karibu vyote vya asili ya Kibantu huishia na -a, na mnyambuliko huzalisha miishio ya -ia, -ea, -wa na -ana bila kikomo. Mtunzi anaweza kufululiza natembea, naongea na nangojea kwa mistari ishirini asitoe jasho. Wasikilizaji wazoefu hukishusha thamani kina cha namna hiyo kwa sababu kimetolewa na sarufi, hakikutafutwa na mtunzi. Linganisha na huu:

Nilizaliwa Ngarenaro, nyumba ya tatu toka mtaro.

Hapa kina cha -aro kimeunganisha jina la mtaa na nomino inayobeba picha, na picha yenyewe inamweka msikilizaji mahali panapojulikana. Msamiati wa mtaani, ambao Reuster-Jahn na Kießling (2006) waliukusanya na kuuchambua kwa upana, huongeza akiba ya vina vya aina hii. Lakini nao huleta maoni ya pekee: neno linaloeleweka Chuga linaweza lisieleweke Tanga au Mbeya, na mwenzi hulazimika kuuliza mtunzi anamwimbia nani. Swali hilo halina jibu moja, na watunzi wawili wenye uwezo sawa huweza kulijibu kwa kupingana.

4.0 Adabu ya kukosoa na suala la umiliki

Biersteker (1996) ameonyesha jinsi kujibizana kulivyo uti wa mgongo wa ushairi wa Kiswahili: shairi huzaa jibu, na jibu huzaa jibu jingine. Magazeti, likiwemo Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, yaliwapa washairi wa bara uwanja wa kujibizana kwa maandishi. Maoni juu ya rekodi ya nyumbani yana undugu na desturi hiyo, ila yanatofautiana nayo katika jambo la msingi. Katika kujibizana, jibu husimama nje ya shairi la kwanza na kubeba jina la mjibuji. Katika rekodi ya nyumbani, jibu huingia ndani ya wimbo na kumezwa.

Kwa hiyo pameota adabu. Katika hip hop, kuandikiwa mistari ni fedheha. Mwenzi mwema huonyesha penye ufa bila kuziba: atasema kwamba mstari wa tatu umeyumba, hatatoa mstari mbadala. Anayetoa mbadala hutazamwa kuwa amevuka mpaka hata kama mbadala wake ni bora. Kwaya zina desturi nyingine kabisa. Mwanakwaya huleta wimbo, mwalimu hubadili maneno na sauti, wanasauti ya tatu huongeza mapambo, na hakuna anayefedheheka, kwa kuwa wimbo ukishaimbwa ni wa kwaya. Adabu hizi mbili hukutana ndani ya mtu mmoja pale mchanaji anapokuwa pia mwanakwaya wa Jumapili, na si nadra.

Sheria inaingia hapa kwa njia isiyotarajiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 huilinda kazi kwa sababu tu imetungwa. Usajili si sharti la ulinzi, ingawa husaidia ushahidi. Rekodi ya chumbani, pamoja na kelele za bodaboda ndani yake, inalindwa sawa na albamu. Sheria hiyohiyo hailindi wazo tupu. Mwenzi aliyesema kwamba barabara imekaa vibaya hana dai lolote. Mwenzi aliyetoa mstari mzima ukaingia kwenye kiitikio anaweza kuwa nalo. Ikitazamwa hivyo, adabu ya kuonyesha bila kuziba imeuchora karibu mpaka uleule ambao sheria imeuchora, pasipo yeyote kijiweni kuifungua sheria. Palipo na hatari ni kwenye kwaya na kwenye viitikio vinavyotungwa kwa pamoja, ambako desturi inasema ni vyetu na fomu ya usajili inadai jina.

5.0 Athari kwa mtafiti

Finnegan (1989), alipowachunguza wanamuziki wa ridhaa wa mji wa Milton Keynes nchini Uingereza, aliwaita wanamuziki waliofichika: kazi yao ni kubwa na ya mpangilio, lakini haionekani kwa anayetazama majukwaa tu. Arusha, kilichofichika zaidi ni matoleo ya kati. Toleo la kwanza lenye mkazo uliopotoka, ujumbe wa sauti uliolikosoa, na toleo la pili lililorekebishwa, vyote hukaa katika simu moja, na simu huibwa, huuzwa au hujaa hadi mwenyewe akafuta ili apate nafasi. Nakala inayosalia ni ile ya mwisho, ambayo imekwisha kuzifuta athari za mikono mingine.

Mtafiti anayekusudia kuchambua mtindo wa mtunzi mmoja kwa kutumia nakala hiyo pekee hana namna ya kujua kama anachokiita mtindo ni chaguo la mtunzi au ni matokeo ya masahihisho ya wenzi wanne. Inafaa basi ukusanyaji wa data uanze na faili zenyewe kwa mfuatano wa tarehe zake, pamoja na jumbe za sauti zilizozijibu, na unukuzi uoneshe mkazo unapoangukia katika kila toleo na si maneno peke yake. Ridhaa ya kutumia jumbe hizo iombwe kwa kila aliyetoa maoni, si kwa mwenye wimbo tu. Yeye ndiye mwenye simu, lakini sauti zilizomo humo si zake zote.