Sauti Aliyoizoea Nyanya

Katika nyumba moja hapa Kibokoni yuko nyanya aliyefikia umri wa kusahau majina ya wanawe. Wajukuu, kwa mapenzi yao, walimnunulia simu ya kisasa wakamtilia humo Qur'ani na kasida. Haikupita muda ikawa imelala mtotoni mwa kabati. Nilipoitwa kumsomea dua nilimwuliza mbona hasikilizi. Akanionyesha kidole: "Mwanangu, hiki na hicho hawajuani."

Nilidhani ni maneno ya uzee, kumbe ni kweli tupu. Kioo cha simu huhisi kidole kwa umeme mdogo upitao kwenye ngozi, na ngozi iliyokauka haiufikishi vyema. Tena, kitu kinachobadilika sura kila kikiguswa humtaabisha aliyepungukiwa na kumbukumbu. Kizazi chake kilizoea kaseti: watia kanda, wabonyeza, chombo chalia "tak", wajua kimeshika. Ndivyo mji huu ulivyozisikiliza kanda za Mbwana Radio Service miaka mingi.

Huko New York, mwaka 2006, Dan Cohen alianza kuwapelekea wazee waliomo katika nyumba za kulelewa vyombo vidogo vya muziki, kila mmoja akitiliwa nyimbo za ujana wake mwenyewe. Wengine waliokuwa kimya walianza kuimba. Sauti ya zamani hudumu moyoni hata majina yakitoka.

Najua nitaulizwa kuhusu ala. Wanazuoni wamehitilafiana, nami huegemea tahadhari. Kwa nyanya huyu kasida na Barzanji zilitosha. (Mwenye ugomvi wa Maulidi asinianzie leo.)

Basi tulitafuta spika ndogo ya vitufe vya kubonyeza, tukaviziba vyote kwa plasta isipokuwa kimoja, nacho tukakibandika kitambaa chekundu. Kasida walizichagua dada zake, si wajukuu, kwani wao ndio wajuao alichokisoma chuoni akiwa kigori. Qur'ani tuliitenga katika spika ya pili, ya baada ya Alfajiri, na mtu akikaa naye. Aya ya 204 ya Al-A'raf yataka tunyamaze na kusikiliza, basi si haki kuiacha ilie kutwa huku watu wakipiga soga jikoni.

Ijumaa iliyopita nilibisha hodi baada ya Alasiri. Hakunijua mimi ni nani. Aliniashiria kwa mkono ninyamaze. Kasida ilikuwa katikati, naye alikuwa akiitikia.