Kidole Kinapokataliwa: Urejeshaji wa Udhibiti wa Simu Janja Bayometria Inaposhindwa Kufanya Kazi

Makala hii inafafanua namna mmiliki wa simu janja anavyoweza kurejesha udhibiti wa simu yake pale ambapo kidole au sura yake haitambuliki tena. Hoja inayoongoza ni kwamba bayometria si ufunguo wa simu, bali ni njia ya mkato ya kuufikia ufunguo. Ufunguo hasa ni namba ya siri, nywila au mchoro uliowekwa siku simu ilipoanza kutumika. Kutotofautisha mambo hayo mawili ndiko kunakomfanya mtu ambaye bado anaweza kuifungua simu yake aipeleke kwa fundi na kupoteza kila kilichomo.

Apple iliingiza utambuzi wa alama za vidole katika iPhone 5s mwaka 2013, na ule wa sura katika iPhone X mwaka 2017. Tangu mwanzo, mifumo hiyo ilitanguliwa na sharti la kuweka namba ya siri. Sababu yake ni ya kihisabati. Data zilizomo katika simu husimbwa, na ufunguo wa kuzisimbua huzalishwa kwa kuunganisha namba ya siri na siri nyingine iliyofichwa ndani ya kichakataji. Kidole hakiwezi kuuzalisha ufunguo huo, kwa kuwa picha yake hutofautiana kidogo kila kinapobonyezwa, ilhali usimbaji haukubali kitu kinachokaribia kufanana. Ndiyo maana simu iliyozimwa na kuwashwa huomba namba ya siri hata kama kidole ni kizima. iPhone huiomba pia kidole kikikataliwa mara tano, au simu ikikaa zaidi ya saa 48 bila kufunguliwa; kwa Android, huombwa walau mara moja kila saa 72, hata kama simu imekuwa ikifunguliwa kwa kidole. Watumiaji wengi huliona ombi hilo kuwa usumbufu. Kwa hakika ndilo zoezi pekee linaloiweka namba hiyo kichwani.

Vyanzo vya kukataliwa kwa kidole vingi havitokani na ubovu wa simu. Kihisi cha kawaida hupima tofauti ya chaji ya umeme kati ya matuta na mabonde ya ngozi. Maji, jasho, vumbi au kioo cha ziada kilichobandikwa juu yake huivuruga tofauti hiyo. Chanzo kizito zaidi ni kazi. Saruji huila ngozi ya fundi mwashi, na mafuta ya ganda la korosho huunguza vidole vya mbanguaji. Baadhi ya dawa za saratani, hususan capecitabine, nazo zinaweza kufuta alama hizo.

Kwa hiyo, hatua ya kwanza ni kufuta kihisi na kukausha kidole, kisha kuingiza namba ya siri na kusajili alama upya, ikiwezekana kwa kidole cha mkono usiotumika sana kazini. Iwapo kioo kimevunjika na hakihisi mguso, simu nyingi za Android hukubali kipanya cha kompyuta kinachounganishwa kwa waya mdogo wa kubadilishia, na mchoro ukachorwa kwa kipanya hicho.

Ugumu halisi hujitokeza namba ya siri inaposahaulika. Kuanzia iOS 17, aliyebadilisha namba anaweza kutumia ile ya zamani ndani ya saa 72. Nje ya hapo, njia inayobaki kwa kawaida ni kuifuta simu yote. Hata kufuta si mwisho: tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa bila kufunguliwa kwanza hudai akaunti ya Google iliyokuwamo. iPhone hudai akaunti ya Apple. Aliyefunguliwa akaunti na muuzaji dukani, bila kuandika nywila mahali popote, hujikuta na simu nzima isiyotumika.

Hata hivyo, simu iliyofungwa si pesa iliyofungwa. Salio la M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, halikai ndani ya kifaa. Ikiwa laini yenyewe haikuwekewa namba ya siri, ikihamishiwa kwenye simu ya kitochi, menyu ya *150*00# ya Vodacom Tanzania hufunguka kama kawaida, na namba ya siri ya M-Pesa hubaki ileile. Jambo hili linastahili kuelezwa kwanza kwa mtu aliyetaharuki, kabla ya maelezo yoyote kuhusu kihisi.

Laini ikipotea pamoja na simu, hali hugeuka. Nchini Tanzania, usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na ukomo wa laini zisizosajiliwa hivyo ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Kifaa cha wakala hulinganisha kidole na kumbukumbu za NIDA. Mbanguaji aliyekataliwa na simu yake hufika hapo na kidole kilekile, lakini kumbukumbu anayolinganishwa nayo si yake kuifuta na kuisajili upya kwenye menyu ya mipangilio. Kwa sababu hiyo, anayemwachia fundi simu iliyojifunga hana budi kuichomoa laini kwanza.