Briji si daraja, na si kamari

Mtu wa Mombasa akisikia neno briji, fikra zake huenda Nyali, au kwenye lile daraja la kuelea la Liwatoni. Akisikia Dallas, huenda Texas moja kwa moja. Leo sizungumzii madaraja, na Dallas nitakayoanza nayo haiko Marekani. Iko Embu. Ni mtaa wa watu wa kipato cha chini pale mjini, na nilipita hapo mwaka jana nikiwa safarini kwenda Meru kwenye mazishi ya jamaa yetu.

Dereva alikuwa na shughuli yake, basi nikaketi na vijana wa bodaboda waliokuwa wakicheza poka, ile yetu ya Kenya: mbili na tatu humuokotesha mwenzio karata, na anayekaribia kumaliza lazima atangaze "niko kadi". Mmoja wao, sidhani alikuwa ametimiza miaka 20, alikuwa akikumbuka kila karata iliyoshuka. Mwenzake alipobisha, alimtajia tano zilizopita kwa mpangilio wake. Hawakuweka pesa. Aliyeshindwa alinunua chai. Nilimuuliza kijana yule kama amewahi kusikia briji, akanielekeza njia ya kwenda kwenye daraja la mto Rupingazi.

Sikumlaumu, maana hata sisi watu wa pwani, ambao karata tulizijua kabla ya bara, wachache sana wanaoujua mchezo huu. Na ajabu ni kwamba sisi tayari tuna nusu yake vichwani.

Tazama maneno tunayotumia kwenye baraza. Karata yenyewe ni carta ya Mreno. Turufu ni trunfo. Shupaza ni espadas, kopa ni copas, uru ni ouros, pao ni paus. Seti, yaani saba, ni sete. Mreno alijenga Ngome ya Mombasa kuanzia 1593, akafukuzwa 1698, akarudi kidogo 1728 na kutimuliwa tena mwaka uliofuata. Mizinga yake imebaki ukumbusho kwa watalii. Karata zake zilibaki mikononi mwetu, tukazipa majina ya Kiswahili na mchezo wetu tukauita kwa Kiarabu: wahedi wa sitini, yaani 61. Wazee wanajua kwa nini. Ree ina pointi 11, seti 10, kisha wale wazungu watatu wana nne, tatu na mbili. Jumla ya kila namna ni 30, na namna ni nne, kwa hiyo pointi zote ni 120. Atakayefika 61 amevuka nusu, mchezo umekwisha.

Briji ni jamaa wa mbali wa mchezo huo. Watu wanne, wawili wawili, kila mtu akikabiliana na mwenziwe mezani. Karata zote 52 hugawanywa, 13 kwa kila mmoja. Mtu hutupa karata, wengine hufuata namna ile ile wakiwa nayo, aliye na kubwa anakula, na asiyekuwa na namna hiyo anaweza kukata kwa turufu. Mpaka hapo mzee yeyote wa Lamu au Mji wa Kale angeketi na kucheza bila kufundishwa.

Tofauti ya kwanza ni kwamba turufu haipatikani kwa kufunua karata. Inanadiwa. Kabla ya karata ya kwanza kutupwa, wachezaji hupokezana zamu, kila mmoja akitaja ahadi: mizunguko mingapi sisi wawili tutakula, na kwa turufu gani. Sita za mwanzo hazihesabiwi, kwa hivyo anayesema "nne kopa" ameahidi kula mizunguko kumi kati ya 13, kopa ikiwa turufu. Kuna pia ahadi ya kucheza bila turufu kabisa. Anayetaka kumpiku lazima apande juu: pao ndiyo ya chini, kisha uru, kisha kopa, kisha shupaza, na juu yao wote bila turufu. Upande wa mwisho kupanda ndio unaopata mkataba, na kati ya wawili hao aliyetangulia kuitaja turufu hiyo ndiye mwenye mkataba. Akitimiza anapata pointi, akipungukiwa hata mzunguko mmoja wapinzani ndio wanaolipwa.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Mnada huo ndiyo njia pekee ya kuzungumza na mwenzio. Huruhusiwi kumkonyeza, wala kukohoa, wala kushusha karata kwa kishindo kama tufanyavyo barazani tukitaka mwenzetu aelewe. Ukisema "moja kopa" unamwambia kwa makubaliano ya wazi kwamba una kopa kadhaa na nguvu ya kutosha. Naye akijibu anakupa kipande chake. Wapinzani wanasikia yote, na wana haki ya kuuliza kila tamko lina maana gani kwenu. Katika mashindano makubwa huwekwa pazia la ubao katikati ya meza ili usimwone mwenzio usoni. Mwaka 2015 jozi moja mashuhuri, iliyokuwa katika timu bingwa ya Ulaya, ilifichuliwa kwa video kwamba ilikuwa ikipeana ishara kwa mahali pa kuweka kibao cha karata juu ya meza. Walifungiwa. Fikiria jinsi barazani kwetu ambavyo tungebaki wangapi.

Mnada ukiisha, mpinzani wa kushoto wa mwenye mkataba hutupa karata ya kwanza, kisha mwenziwe mwenye mkataba hulaza karata zake zote mezani, wazi, na kunyamaza. Mwenye mkataba huchezesha mikono miwili peke yake. Kila mtu sasa anaona karata zake 13 na hizo 13 za mezani. Zilizobaki 26 ni za kukisia kwa hesabu: nani alinadi nini, nani alinyamaza, nani ameishiwa uru. Kijana wa Dallas angefurahi hapo.

Tofauti ya pili ndiyo inayonifanya niandike makala haya, kwani inagusa jambo tunalobishana kila mara: karata si bahati tu? Kwenye mashindano ya briji, baada ya mchezo karata hazichanganywi. Kila mtu hurudisha zake 13 kwenye kibao chenye mifuko minne, na kibao hicho hupelekwa meza nyengine ambako watu wengine watacheza karata zile zile. Timu ina watu wanne wa kukaa. Wawili wenu wanacheza na karata nzuri meza hii, wawili wenu wanacheza na zile mbovu meza ile. Mkipewa takataka, wapinzani wenu nao wamepewa takataka hizo hizo kwengine. Anayeshinda ni aliyezitumia vyema zaidi. Idadi ya mikono tofauti mtu anayoweza kugawiwa ni zaidi ya bilioni 635, lakini bahati ya mgao imeondolewa kwenye hukumu.

Mimi si mwanachuoni na sitoi fatwa. Ninalolijua ni kwamba katika vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi, wanazuoni walitofautisha mchezo unaosimama juu ya hesabu na fikra, kama sataranji, na ule unaosimama juu ya kubahatisha, kama dadu. Karata wengi waliziweka upande wa pili, na mashekhe wengi wa leo hawajabadili kauli. Kamari nayo ni haramu bila mjadala, iwe kwa karata, kwa mpira au kwa simu. (Hata ile chai ya Embu ina maneno.) Swali ninalowaachia wenye elimu ni kama mchezo uliotolewa bahati ya mgao kwa makusudi, unaochezwa bila senti mezani na usiompitisha mtu wakati wa sala, hukumu yake ni ile ya karata za mtaani. Saudi Arabia iliandaa mashindano rasmi ya baluti, mchezo wao wa karata, mjini Riyadh mwaka 2018. Pakistan ilifika fainali ya dunia ya briji mwaka 1981, na Omar Sharif, mwigizaji wa Misri, alikuwa mchezaji wa kimataifa. Hiyo si hoja ya kisheria, nakiri. Najibu tu wale wanaodhani ni mchezo wa Wazungu peke yao.

Turudi Dallas, safari hii ile ya Texas. Kuanzia 1957 hadi 1969 Italia ilichukua ubingwa wa dunia, Bermuda Bowl, mara kumi. Wamarekani walikuwa na vipaji, lakini kila mtu alijiona bingwa peke yake. Mwaka 1968 mfanyabiashara wa Dallas, Ira Corn, aliwakusanya wachezaji kadhaa, akawalipa mshahara, akawawekea mkufunzi mwanajeshi mstaafu, na akatumia kompyuta za enzi hizo kuwatengenezea karata za mazoezi. Walicheza, wakarudi kuchambua kila kosa, wakacheza tena. Timu hiyo, Aces ya Dallas, ilitwaa ubingwa mwaka 1970 mjini Stockholm na 1971 mjini Taipei. Ni kweli kwamba Waitalia wakubwa walikuwa wamestaafu, na waliporudi 1972 waliwashinda Aces kule Miami. Lakini tangu hapo hakuna aliyedai tena kwamba briji ni kipaji cha kuzaliwa nacho.

Kenya ina chama chake cha briji, kilicho ndani ya shirikisho la dunia lililoundwa 1958, upande wa kanda ya Afrika. Hata hivyo mchezo umebaki kwenye vilabu, miongoni mwa Waasia, Wazungu na Waafrika wachache waliofungamana na vilabu hivyo. Sioni ubaya kwao, wao ndio walioutunza. Lakini kilabu kina ada, kina mlinzi langoni, kina viatu vya kuvaliwa. Karata zenyewe ni bei ya sahani ya chipsi. Kama lango ndilo tatizo, basi mchezo na uje nje ya lango: madrasa iliyofungwa jioni, ukumbi wa kijamii, shule wakati wa likizo.

Kuna waliostaafu Mombasa, Malindi na Lamu, walimu na makarani wa bandari, ambao siku zao sasa ni kahawa na siasa. Katika Michezo ya Asia ya 2018 kule Jakarta, briji ilipoingizwa mara ya kwanza, dhahabu ya jozi za wanaume ilikwenda kwa Wahindi wawili, mmoja wa miaka 60 na mwenziwe 56. Na kuna vijana kama yule wa Dallas ya Embu, ambao kumbukumbu yao kwa sasa inatumiwa na kampuni za kamari za simu. Mzee na kijana wanaweza kuketi meza moja wakiwa wenzi sawa, jambo ambalo kandanda haliwezi kutupa.

Anayetaka kuanza hahitaji mwalimu kutoka Nairobi. Programu ya Bridge Base Online inapatikana bure kwenye simu, na mtu anaweza kucheza na roboti mpaka azoee mnada. Akishazoea atafute watatu. Kwa wanaojua wahedi wa sitini, jioni ya kwanza fundisheni kufuata namna na kukata tu, bila mnada. Mnada uanze jioni ya pili, kwa ahadi ndogo ndogo, na daftari liwe karibu, kwa sababu hesabu ya pointi ndiyo itakayowagombanisha.