SELI ZA KUMBUKUMBU HUJUAJE NJIA?

Mtu aliyeugua surua utotoni kwa kawaida haiugui tena ukubwani. Sababu moja ni kwamba, vita vya kwanza vikiisha, baadhi ya seli T, askari wa kinga ya mwili, hazifi. Husalia zikiikumbuka sura ya adui. Wanasayansi huziita seli za kumbukumbu.

Lakini hebu tujiulize: seli hizi hujuaje pa kwenda? Adui akivamia utumbo, askari aliyeko ngozini ana faida gani?

Jibu limo katika jeni. Seli ya ini na seli T zina jeni karibu zile zile. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Ni mithili ya maktaba: vitabu ni vile vile, ila kila msomaji hufungua chake.

Jeni ikiwashwa, seli huunda protini. Baadhi ya protini hizo hukaa juu ya seli zikawa kama anwani. Mnamo 1999, Federica Sallusto na wenzake walionyesha kwamba seli za kumbukumbu zenye kipokezi cha CCR7 hurejea kwenye tezi za limfu, ilhali zisizo nacho huelekea kwenye tishu zilizoshambuliwa. Zinazokwenda utumbo mdogo nazo hubeba kipokezi cha CCR9.

Nani basi huandika anwani hiyo? Hapa ndipo chakula kinapoingia. Mnamo 2004, Makoto Iwata na wenzake waligundua kwamba seli za utumbo zinazoifunza seli T kumtambua adui huigeuza vitamini A kuwa asidi ya retinoiki. Asidi hiyo ndiyo huwasha jeni za anwani ya utumbo. Panya walionyimwa vitamini A walikuwa na seli T chache mno utumboni.

Panya si binadamu, naam. Hata hivyo, mzazi anapohimizwa kumpeleka mtoto kliniki apewe vitamini A kila baada ya miezi sita, asidhani eti ni dawa ya macho tu. Wala asiyadharau mchicha, maembe na viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Kuwa na askari hakutoshi. Sharti wafike penye vita.