Sungura wa Porini na Popo wa Darini

Ukikaa Mabatini, hapa Mwanza, jua likizama husikia mikwaruzo darini, kisha popo hutoka mmoja mmoja penye ukingo wa bati. Wengi husema huyo ni ndege. Leo tumlinganishe na sungura wa porini, upate kujua yu wa jamaa gani.

Sungura huyu ana habari yake kwetu. Mwaka 1893 mtaalamu Oldfield Thomas wa London aliandika juu ya sungura aliyepatikana Nassa, penye Ghuba ya Speke, akamwita Lepus victoriae, jina linalokumbusha ziwa letu. Na popo mmoja apendaye sana mapaa ya bati katika Afrika ni Mops condylurus. Huvumilia joto la digrii zaidi ya 40 mle darini.

Kwa sura hawafanani. Sungura hufika kilo 2 na zaidi, popo huyu hafiki gramu 40. Mmoja hula majani, mwenzake hukamata nondo na mbawakawa hewani. Lakini wote wawili wana manyoya, huzaa na kunyonyesha. Ndege hutaga mayai, popo hatagi. Bawa lake ni mkono hasa, vidole virefu vilivyoungwa kwa ngozi. Tazama masikio pia: sungura humsikiliza adui, tena hupoza damu yake kwa masikio yale marefu, popo husikiliza mwangwi wa sauti yake mwenyewe, asigonge ukuta gizani.

Tofauti kubwa ni uzazi, nayo yakuhusu wewe mwenye nyumba. Sungura huzaa mara kadhaa kwa mwaka, na kitoto hutoka na manyoya, macho wazi. Popo huzaa kitoto kimoja tu kwa mara moja, uchi, nacho hakiwezi kuruka kwa majuma kadhaa. Ukiziba matundu wakati huo, mama hubaki nje, kitoto hufa darini kwa njaa, na harufu yake utalala nayo wewe. Ngoja vitoto viruke, kisha ziba usiku, wote wakiwa nje.

Usimshike popo kwa mikono mitupu, wala watoto wasimchezee. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, uende zahanati siku ile ile, maana popo aweza kuwa na ugonjwa wa jamii ya kichaa cha mbwa. Kinyesi chake usikifagie kikavu. Jifunge kitambaa puani, ukinyunyizie maji kwanza.