Mchapalo wabisha hodi Kaengesa

KATIKA Kiswahili cha ofisini neno "mchapalo" ni tafrija ile ambayo wageni husimama bilauri mkononi, wakienda kwa huyu na kurudi kwa yule, wakionja vitafunio na kuzungumza mambo yasiyohitaji mtu kukaa. Waingereza huiita sherehe hiyo kwa jina la kinywaji chake, yaani kokteli: pombe kali iliyochanganywa na maji ya matunda, sukari, barafu na vikolezo vingine. Kwa miaka mingi mambo hayo yalikuwa ya mabalozi na wakurugenzi. Siku hizi hata kamati za harusi huyajadili, na mchangiaji wa kawaida hutakiwa kuyalipia.

Tuyatazame basi tukiwa mahali ambapo watu hawajapungukiwa na kinywaji chao wenyewe. Kaengesa ni kata ya wilaya ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, nchi ya baridi na upepo, yenye Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Wakulima wa uwanda huo wanasifika kwa mahindi na maharage, lakini zao linalotuhusu leo ni ulezi.

Ulezi huloweshwa, hufunikwa hadi uchipue, kisha huanikwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Uji wa unga hupikwa na kuachwa upoe, kimea hutiwa, na kazi iliyobaki hufanywa na chachu kwa siku kadhaa, huku mpishi akionja na kusikiliza povu. Mpishi huyo kwa kawaida ni mwanamke. Gharama zake ni kuni, maji na jasho lake, na faida yake ni daftari, sare na chumvi ya nyumbani. Anayeidharau pombe ya kienyeji kwa kuwa haina lebo hajaona ni watoto wangapi nchini waliosomeshwa na mtungi wa mama zao.

Mtungi una desturi moja ambayo bilauri haina. Mtu hawezi kuunywa peke yake. Pombe ya ulezi huiva kwa siku yake na huharibika kwa siku yake, hivyo lazima watu waitwe, wakae, wasubiriane. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za nchi yetu ilitumika kuwakusanya majirani kulima shamba la mwenzao, kupatanisha waliogombana, na kukamilisha posa. Mzee alipewa kwanza, kijana alisubiri. Hatusemi kwamba hapakuwa na walevi. Walikuwapo, na wake zao waliwajua. Lakini ulevi wao ulionwa na kijiji kizima.

MKIA WA JOGOO

Kokteli ina ukoo mwingine kabisa. Neno lenyewe, likifasiriwa kama lilivyo, ni mkia wa jogoo, na hadithi za asili yake ni nyingi kuliko wanaoziamini. Linalojulikana ni kwamba tarehe 13 Mei, 1806, gazeti moja la mji wa Hudson, katika jimbo la New York, lilimweleza msomaji aliyeuliza kwamba kokteli ni pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji na dawa chungu za mitishamba. Mwaka 1862 Mmarekani Jerry Thomas, aliyekuwa muuza baa, alitoa kitabu cha namna ya kuchanganya vinywaji, na tangu hapo kazi ya kusimama nyuma ya kaunta ikahesabiwa kuwa ufundi.

Kisha Marekani ikapiga marufuku pombe nchi nzima, kuanzia mwaka 1920 hadi 1933. Pombe haikuisha, ilijificha, na iliyojificha mara nyingi ilikuwa mbaya. Asali, ndimu na maji ya matunda vilisaidia kuziba ladha yake. Jambo hilo tulikumbuke, maana tutalirudia.

Sinema na vitabu vilifanya yaliyobaki. Ian Fleming alipomleta jasusi wake James Bond katika riwaya ya mwaka 1953, alimpa kinywaji cha kuagiza kwa masharti, na watu wakajifunza kwamba mwanamume wa maana hatambuliwi kwa kazi tu bali pia kwa anachoagiza. Mwaka 1988 Tom Cruise alirusha chupa hewani katika filamu iliyoitwa Cocktail, na vijana wa nchi nyingi wakataka kurusha chupa. Sasa ni zamu ya video za muziki, ambamo chupa huonyeshwa karibu sawa na mwimbaji.

Kwa Mwafrika wa Tanganyika bilauri hiyo ilikuwa na maana ya ziada. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliweka vizuizi vya pombe kali katika ukanda mkubwa wa Afrika, kutoka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini, na mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ukaendeleza mwendo huo. Kwa sehemu kubwa ya utawala wa Waingereza, Mwafrika alizuiwa na sheria kunywa pombe kali, ilhali bwana mkubwa aliinywa barazani jua likizama, akisingizia pengine kwamba kwinini iliyomo kwenye maji yake ya toniki inamkinga na malaria. Kitu kilichokatazwa kwa rangi ya ngozi kikawa alama ya ukubwa. Wengi wetu tulirithi alama hiyo bila kuuliza ilitoka wapi.

DAWA ISIYO YA MGANGA

Afrika Mashariki nayo imeitolea dunia kokteli yake. Jina lake ni "dawa", na iliyoitangaza ni hoteli ya nyama choma ya Carnivore, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1980. Ni vodka, ndimu, sukari, barafu na asali nzito iliyoshikamana na kijiti cha kukorogea. Anayeijua caipirinha ya Brazili ataona mara moja kwamba hawa ni ndugu. Watalii huipenda kwa ladha na kwa jina. Huko Ufipa jina hilo lingechekesha, kwa kuwa Sumbawanga yenyewe, wanavyoeleza wenyeji, maana yake ni tupa uchawi.

Hapa kwetu mchanganyiko wa mwananchi ni rahisi zaidi: Konyagi na soda ya tangawizi, au ya limau. Jina la Konyagi linaikumbuka konyaki ya Wafaransa, ingawa haitokani na zabibu, na nguvu yake ni asilimia 35. Hesabu hii ifanywe na kila mzazi. Chupa ya bia ya mililita 500, yenye nguvu ya asilimia 5, ina mililita 25 za kilevi halisi. Kiasi hicho hicho kimo katika mililita 71 tu za kinywaji cha asilimia 35, nacho kikitiwa soda tamu huteremka kama soda. Kijana aliyekunywa bilauri nne zilizomiminwa bila kipimo huenda amekunywa sawa na chupa nne au sita za bia, na ulimi wake haukumwonya hata mara moja. Pombe ya ulezi ni nzito. Tumbo hujaa kabla ya kichwa. Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Mama mjamzito asionje yoyote kati ya hizo.

Utamu huficha na makubwa kuliko ukali. Novemba 2000, katika vitongoji vya maskini vya Nairobi, watu zaidi ya 130 walikufa kwa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Methanoli ikifika mwilini hugeuka tindikali inayoua mshipa wa jicho. Macho hayawezi kuitofautisha na pombe ya kawaida ndani ya chupa, na harufu na ladha hazitoshi kuitambulisha, hasa mtu akitia juisi. Tanzania ilikuwa na sheria juu ya "moshi", yaani gongo, tangu mwaka 1966, na tarehe 1 Machi, 2017, pombe kali za pakiti, maarufu kama viroba, zikapigwa marufuku. Viroba vilikuwa vimekwisha kuingia katika mifuko ya sare za shule. Hatua ile ilichelewa, lakini ilistahili.

Turudi kwenye kamati ya harusi. Barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, iliyojengwa katika miaka ya 2010, imerahisisha kila kitu kupanda uwandani, chupa zikiwamo. Meza kuu isiyo na chupa za kigeni huonekana maskini. Lakini fedha ya chupa hizo hushuka na lori lililozileta, wakati fedha ya mtungi hulala Kaengesa. Kamati ikipunguza nusu ya fungu la pombe kali na kuagiza vinywaji kwa akina mama wa kijiji, hakuna mgeni atakayekufa kwa kiu, na michango itapungua. Wahudumu wa mijini wameshatuonyesha njia kwa ile juisi yao ya kokteli ya embe, parachichi na pasheni, ambayo hainyimi mtu usingizi wala mshahara.

Kwa meza ya watoto na ya wasiokunywa, togwa inatosha. Pika uji mwepesi wa mahindi, uache upoe hadi uwe vuguvugu tu, kwa sababu joto kali huua nguvu ya kimea. Koroga unga wa kimea cha ulezi, nao uji utalegea na kuwa mtamu bila sukari. Funika usiku mmoja, chuja asubuhi, na uinywe siku hiyo hiyo ingali na utamu kuliko uchachu. Ikifika siku ya pili au ya tatu huanza kulevya. Hapo iondolewe kwenye meza ya watoto.